NYOKA KATIKA MASHAIRI: MAANA ZAKE NA NAMNA YA KUZITAMBUA

Katika wanyama wote waliotiwa katika mashairi ya wanadamu, nyoka ni mmoja wa wale wa kale kabisa. Hana mguu wala mkono, wala hana sauti ya kuwaitia wenziwe, walakini washairi wa nchi nyingi wamempa kazi kubwa kuliko simba na tembo. Pengine amefanywa adui, pengine mlinzi. Pengine ni mauti, pengine ni uzima. Basi mtu asomaye shairi na kumkuta nyoka ndani yake yampasa kusimama kidogo, kama asimamavyo njiani, na kuuliza: Nyoka huyu ni yupi?

Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake swali hilo, mara nyingi hujibiwa kwa neno moja tu: adui. Jibu hilo huenda likawa kweli, lakini si kila mara. Na mtu ajibuye hivyo kila mara huyapoteza mashairi mengi mazuri, tena huweza kuingia katika hatari ambayo tutaieleza mbele. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya walimu, na wakubwa wanaoletewa maneno na mafumbo ya watu ili wayaamue, na kila msomaji apendaye kutunga. Twataka kuonyesha kwamba maana ya nyoka hupatikana kwa kuuliza maswali matatu. La kwanza, mshairi ameshika jambo gani la nyoka? La pili, ni nani amtazamaye nyoka huyo? La tatu, mtazamaji huyo atenda nini, na baada ya kutenda lamfika jambo gani?

MAMBO YA NYOKA MWENYEWE

Kila mfano mzuri una mizizi yake katika kitu kinachoonekana kwa macho. Kwa hiyo kabla ya kusoma mashairi, na tumtazame nyoka wa porini.

Kwanza, nyoka hujificha. Rangi yake hufanana na majani au mchanga, na mwendo wake hauna kishindo. Hapo ndipo ulipotoka mfano wa adui wa siri. Pili, macho yake hayana kope za kufumba, hivyo huonekana kama aangaliaye daima, hata akiwa amelala. Tatu, ulimi wake una ncha mbili, naye huutoa na kuurudisha upesi. Watu wengi hudhani kwamba ulimi huo ndio silaha yake, lakini sivyo. Ulimi wa nyoka hauna sumu. Kazi yake ni kuchukua harufu. Sumu, kwa nyoka aliye nayo, hupita katika meno. Walakini washairi wameupenda sana ulimi ule, kwa sababu wanadamu wanajua ya kuwa ulimi wao wenyewe, ingawa hauna mfupa, huweza kuua.

Nne, nyoka huvua gamba. Akuapo, ngozi ya juu hubambuka, naye hutoka mwenye rangi mpya ing'aayo. Hata leo twasema kwamba mtu amejivua gamba, maana yake ameacha hali yake ya kale. Na mwaka 2011 maneno hayo yalisikika sana katika siasa za Tanzania. Tano, nyoka hukaa karibu na ardhi, katika mashimo, vichuguu na magofu, na kwa hiyo watu wengi wamemfikiri kuwa jirani wa wafu. Sita, nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na wengi wao humsaidia mkulima kwa kula panya.

Tena nyoka si wa namna moja. Fira huinua kichwa na kupanua shingo, akatoa onyo kabla ya kuuma. Bafe hulala njiani bila kujisogeza, na aumwaye ni yule aliyemkanyaga. Chatu hana sumu kabisa, bali huua kwa kuukaza mwili wake. Mshairi hodari hujua tofauti hizo. Akitaka kueleza hasira yenye onyo, hutaja fira. Akitaka kueleza hatari inyamazayo, hutaja bafe. Akitaka kueleza deni au mapenzi yanayomkaza mtu kidogo kidogo hata akakosa pumzi, hutaja chatu. Huu ni mwanzo mwema wa kazi darasani: waulizeni wanafunzi kwanza ni nyoka wa namna gani, ndipo muulize maana yake.

NYOKA NA UZIMA: HADITHI YA GILGAMESH

Katika mashairi ya kale sana yajulikanayo ulimwenguni limo lile la Gilgamesh, mfalme wa Uruk, mji uliokuwa katika nchi iitwayo sasa Iraki. Shairi hilo liliandikwa katika vibao vya udongo, na vingi vya vibao hivyo vilifukuliwa katika magofu ya Ninawi, katika maktaba ya mfalme Ashurbanipal aliyetawala katika karne ya 7 kabla ya Kristo. Hadithi yenyewe ni ya kale zaidi ya hapo.

Gilgamesh alifiwa na rafiki yake Enkidu, naye akaingiwa na hofu ya kufa. Akasafiri mbali mno kumtafuta Utnapishtim, mtu aliyeokoka katika gharika na kupewa uzima usio na mwisho. Mtu huyo hakuweza kumpa uzima huo, lakini alimwambia habari za mmea uotao chini ya maji, wenye miiba, ambao humrudishia mzee ujana wake. Gilgamesh akajifunga mawe miguuni, akazama, akauchuma. Hakuula pale pale. Alitaka kuuchukua mpaka Uruk, ampe kwanza mzee mmoja ili auone nguvu yake. Njiani akaona kisima cha maji baridi, akaingia kuoga. Nyoka akasikia harufu ya mmea, akaja kimya kimya, akauchukua. Na alipokuwa akienda zake akavua gamba. Gilgamesh akaketi chini akalia.

Na tujibu maswali yetu matatu. Jambo lililoshikwa ni gamba: nyoka huonekana kuwa mpya kila avuapo ngozi, na mwanadamu hana gamba la kuvua. Mtazamaji ni mfalme aliyetaka kushinda mauti. Naye afanya nini? Hamfukuzi nyoka wala hamlaani. Alia, kisha arudi mjini kwake na kumwonyesha mwenzi wake wa safari kuta za Uruk alizozijenga, imara na nzuri. Nyoka huyu si mwovu, kwa maana hakumsema uongo mtu yeyote. Alisikia njaa na harufu nzuri. Yeye ni mpaka uliowekwa kati ya mwanadamu na ujana wa milele. Mwanafunzi akiandika hapa kwamba nyoka ni adui, ameona wizi tu, na shairi lenyewe limempita.

NYOKA WANNE KATIKA SHAIRI MOJA

Mfano ulio bora wa kuonyesha kwamba nyoka hana maana moja tu hupatikana kwa Virgil, mshairi wa Kirumi aliyezaliwa mwaka 70 kabla ya Kristo na kufa mwaka 19 kabla ya Kristo. Shairi lake kubwa, Aeneid, lina vitabu 12, nalo laeleza safari za Aeneas aliyekimbia mji wa Troy ulipoangushwa na Wayunani. Ndani ya shairi hilo wamo nyoka wengi. Hapa tutawataja wa mahali panne.

Mahali pa kwanza ni katika kitabu cha pili. Wayunani wameacha farasi mkubwa wa mti mbele ya mji, na watu wa Troy wabishana kama wamwingize ndani. Kuhani mmoja, jina lake Laocoon, awaonya kwamba farasi yule ni hila, naye amchoma mkuki ubavuni. Baadaye nyoka wawili wakubwa waja baharini kutoka kisiwa cha Tenedos, wawakamata watoto wawili wa kuhani, kisha wamkamata baba aliyekuja kuwaokoa, wawaua wote. Halafu wanyiririka mpaka hekalu la Minerva na kujificha chini ya ngao yake. Watu walioona haya wakasema, Laocoon ameadhibiwa kwa sababu amemchoma mkuki farasi mtakatifu. Wakabomoa ukuta, wakamwingiza farasi, na usiku ule ule mji ukateketea.

Msomaji na aangalie jambo hili sana. Watu wa Troy waliwaona nyoka sawasawa. Hawakukosea katika kuona. Walikosea katika kufasiri. Walikuwa na haraka ya kupata maana moja iliyowapendeza, na maana hiyo ikawaangamiza. Mtu aliyesema kweli amekufa, nao wakahesabu kufa kwake kuwa ushahidi kwamba alisema uongo. Mambo kama hayo hayakuishia Troy. Hata katika vijiji vyetu msiba wa mtu huweza kufanywa ushahidi wa kosa lake, na nyoka aliyeonekana mlangoni pake huweza kufanywa shahidi.

Mahali pa pili ni katika mapigano ya usiku ule. Myunani mmoja, Androgeos, akutana na kundi la watu wa Troy, awadhania kuwa wenziwe, na kuwasemesha kirafiki. Atambuapo kosa lake arudi nyuma kama mtu aliyekanyaga nyoka katika miiba bila kumwona. Hapa nyoka ni ule mshtuko wa kutambua hatari ukiisha kuwa katikati yake. Tena Virgil amewafananisha na nyoka watu wa upande wake Aeneas mwenyewe, yaani upande wa shujaa wa shairi.

Mahali pa tatu ni mlangoni pa jumba la mfalme Priam. Kijana Pyrrhus, mwana wa Achilles, asimama pale na silaha zing'aazo, tayari kuuvunja mlango. Virgil amfananisha na nyoka aliyejificha chini ya ardhi wakati wa baridi, ambaye sasa amevua gamba, ametoka katika mwanga, na ujana wake wameta. Gamba lile lile lililokuwa ishara ya uzima kwa Gilgamesh, hapa ni ishara ya ukatili mpya. Baba yake Pyrrhus amekwisha kufa katika vita hivyo. Vita ilidhaniwa imechakaa, kumbe imevua ngozi na kuzaliwa tena katika mtoto.

Mahali pa nne ni katika kitabu cha tano, nasi twahama kutoka vitani kwenda makaburini. Aeneas yu katika kisiwa cha Sicily, na mwaka mmoja umepita tangu baba yake Anchises alipokufa na kuzikwa pale. Aenda kaburini, amwaga divai, maziwa na damu kwa desturi ya kwao. Mara nyoka mkubwa mwenye madoa ya samawati na magamba ya rangi ya dhahabu atoka chini ya kaburi, alizunguka kwa upole, aonja sadaka zote, kisha arudi alikotoka bila kumdhuru mtu. Aeneas hajui kama huyu ni roho ya mahali pale au mtumishi wa baba yake. Lakini hamwinulii silaha. Aendelea na ibada kwa moyo zaidi.

Wasomaji wa Afrika hawataona ajabu kwa nyoka huyu wa nne. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wamasai kilichopigwa chapa mwaka 1905, aliandika imani yao ya wakati ule kwamba mganga mkubwa au tajiri akiisha kufa na kuzikwa, roho yake hugeuka nyoka na kurudi nyumbani kwa watoto wake kuwaangalia. Na mwanamke akimwona nyoka wa namna hiyo nyumbani, humwagia maziwa chini. Wazulu wa Afrika ya Kusini nao walikuwa na imani iliyofanana na hiyo. Si neno kama msomaji wa leo aiamini imani hiyo au haiamini. Lililo kubwa ni kwamba mshairi atungaye katikati ya watu wenye desturi kama hiyo, akisema nyoka ameingia nyumbani, huenda anasema kwamba baba amekuja. Mgeni asiyejua desturi atasoma habari ya hatari mahali palipoandikwa habari ya baraka.

NYOKA ALIYEINGIWA, NA FIMBO ILIYOGEUKA

Kwa watu wa Biblia na wa Kurani, habari ya fimbo ya Musa yajulikana sana: fimbo iligeuka nyoka, Musa akaogopa, akaamriwa aishike asiogope, nayo ikarudi kuwa fimbo. Kitu kimoja kilikuwa cha kutisha katika ardhi, na cha kuegemea mkononi mwa mtu mwenye imani. Katika Biblia imo pia habari ya nyoka wa shaba. Wana wa Israeli waliumwa na nyoka jangwani, Musa akasimamisha nyoka wa shaba juu ya mti, na kila aliyemtazama akapona. Lakini miaka mingi baadaye mfalme Hezekia alimvunja nyoka yule, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Hapa pana fundisho kwa wapenda mashairi: alama ni ya kutuonyesha jambo jingine, na mtu akiishia kwenye alama yenyewe, ameipoteza njia.

Dalili ya namna hiyo yaonekana hata leo katika alama za waganga. Fimbo yenye nyoka mmoja aliyeizunguka ilikuwa ya Asclepius, mungu wa uganga wa Wayunani wa kale, nayo imo katika alama ya Shirika la Afya la Ulimwengu lililoanzishwa mwaka 1948. Mgonjwa anayeiona alama hiyo mlangoni haogopi kuumwa, bali hutumaini kupona.

Mshairi Mwingereza John Milton, katika Paradise Lost, shairi lililotoka mwaka 1667, alieleza namna Shetani alivyowadanganya wazee wetu wa kwanza. Watu wengi hukumbuka nyoka tu. Lakini Milton aliandika kwa uangalifu kwamba Shetani alimkuta nyoka amelala, asiye na hatia, akamwingia kwa kinywani. Yaani nyoka alikuwa nyumba, na mwizi aliingia ndani yake. Aliyeleta maneno matamu ni mwingine, naye alitumia mwili usiokuwa wake. Hakimu na mkubwa yeyote ajua jambo hili katika kazi yake: mara nyingi aliyesema neno baya hadharani ni mmoja, na aliyemtia neno hilo mdomoni ni mwingine.

MTU ALIYERUSHA GOGO

Sasa twarudi Sicily, katika kisiwa kile kile cha kaburi la Anchises. Mwingereza D. H. Lawrence alikaa huko Taormina baada ya vita kuu ya kwanza, na mwaka 1923 akatoa kitabu cha mashairi ambamo limo shairi moja juu ya nyoka. Habari yake ni ndogo. Siku ya joto kali mtu ashuka na mtungi wake kuteka maji, akuta nyoka amemtangulia, anakunywa. Mtu yule asimama angoje zamu yake. Ndani ya moyo wake sauti ya mafundisho aliyolelewa nayo yamwambia kwamba nyoka wa rangi hii wana sumu, na kwamba mwanamume wa kweli angemwua. Naye moyoni apenda mgeni yule, aona heshima kwamba amekuja kunywa kwake. Nyoka amalizapo kunywa na kuanza kuingia katika tundu lake, mtu ashikwa na hofu, aokota gogo na kulirusha. Mara ile ile aona aibu.

Katika aibu ile Lawrence amkumbuka ndege wa baharini wa shairi jingine, la Samuel Taylor Coleridge, lililopigwa chapa mwaka 1798. Huko baharia mzee alimwua bila sababu ndege aliyekuwa akiifuata jahazi yao. Upepo ukakoma, wenziwe wakafa, na ndege yule alikuwa amefungwa shingoni mwake. Aliokoka siku alipowaona nyoka wa baharini wakicheza katika mwanga wa mwezi, akawaona wazuri, akawabariki kwa moyo bila kukusudia. Ndipo ndege akaanguka kutoka shingoni mwake.

Katika mashairi haya mawili jibu la swali letu la tatu ndilo lenye uzito. Nyoka wa Lawrence hakutenda neno lolote ila kunywa maji. Nyoka wa Coleridge walikuwa wakiogelea. Aliyepimwa ni mtu. Mmoja alirusha gogo kwa kuwa aliambiwa ndivyo afanyavyo mwanamume, akapata aibu. Mwingine alibariki, akafunguliwa. Nyoka amekuwa kama kioo, na sura iliyomo ndani yake ni sura ya mtazamaji.

METHALI NA HATARI YAKE

Katika Kiswahili nyoka amekaa sana katika methali, na methali ni chakula cha washairi wetu. Twasema, Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii ni nzuri kwa kuwa yasema habari za mtazamaji: hofu ya jana yampotosha macho leo, na ukindu usiokuwa na kosa waonekana kuwa nyoka. Methali nyingine yasema, Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa habari za nyoka wenyewe maneno haya hayana shaka. Lakini methali hii ikitolewa porini na kutiwa juu ya mtu, hasa juu ya mtoto wa mtu, au juu ya ukoo na kabila, hukata hukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Tusidhani kwamba hayo ni maneno matupu. Katika Rwanda, gazeti liitwalo Kangura lilitoa makala mwezi wa Machi 1993 likidai kwamba mende hawezi kuzaa kipepeo. Ndani ya makala hiyo Watutsi waliitwa pia nyoka, na ulimi wao ukasemwa kuwa mtamu wenye kuficha uovu. Redio iliyoanza mwaka ule ule iliyarudia maneno ya namna hiyo. Kati ya Aprili na Julai 1994 waliuawa mamia ya maelfu ya watu, wakubwa kwa watoto. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na gazeti na redio hizo mwezi wa Desemba 2003. Baadhi ya makosa yalifutwa katika rufani mwaka 2007, lakini wote watatu walibaki na hatia. Mahakama hiyo ilipima maneno, kwa sababu maneno yalikuwa yametangulia mapanga. Mtu akiisha kuitwa nyoka, na watu wakikubali, fimbo haiko mbali. Kwa kuwa kila mtu amefundishwa tangu utoto kwamba nyoka hapigwi swali, hupigwa kichwa.

Basi hapa ndipo ilipo tofauti ya mshairi na mchochezi, ijapokuwa wote wawili hutumia mfano mmoja. Mshairi humleta nyoka ili tutazame vizuri zaidi: atuonyesha gamba, ulimi, kaburi, maji, na uso wetu wenyewe. Mchochezi humleta nyoka ili tuache kutazama.

MFANO WA KUTUNGA

Ili jambo hili lionekane wazi, tumetunga beti mbili za mizani 8 kwa 8, walimu wazitumie darasani. Katika ubeti wa kwanza asema mtu apitaye njia. Katika wa pili nyoka amjibu.

Nyoka yumo majanini, alala hana kishindo,
Sumu yake mdomoni, ngozi yang'aa kwa pindo,
Wapitao njia hini, tazameni kwa vitendo,
Adui mwenye hiana, hapigi mbiu ya mwendo.

Kichuguu ni makao, hapa nilipozalika,
Nala panya wa mazao, na mkulima hucheka,
Miguu ya wapitao, ndiyo iliyonifika,
Basi adui ni nani, mimi ama mwenye shoka?

Ubeti wa kwanza ni wa kweli: hiana iko duniani, na mtu mwenye busara huangalia njia yake. Ubeti wa pili nao ni wa kweli. Nyoka ni yule yule, na majani ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama. Mwalimu na awaambie wanafunzi wake watunge ubeti wa tatu, aseme mtoto wa mkulima aliyewasikia wote wawili. Hapo itaonekana ni nani aliyefahamu somo.

Kwa wakubwa waamuao maneno ya watu twaongeza neno moja. Pakiletwa shairi barazani, na mtu alalamike kwamba ameitwa nyoka, haifai kuhukumu kwa neno hilo peke yake. Iulizwe kwanza: shairi limeshika jambo gani la nyoka? Kama limeshika kuvua gamba, huenda ni sifa. Kama limeshika kukaa kaburini, huenda ni habari za wazee. Kama limeshika ulimi, ni lawama juu ya maneno ya mtu, naye mtu huweza kujitetea kwa maneno. Lakini kama limeshika uzazi, likasema kwamba fulani na watoto wake ni nyoka kwa damu yao, hapo mkubwa asicheke wala asiseme kwamba ni mashairi tu. Na amwite mtungaji, amtake aeleze mbele ya watu ni tendo gani alilolikusudia, la siku gani, lililotendwa na nani. Mtungaji mwenye lawama ya haki atalitaja tendo hilo; asiyeweza kulitaja ajulikane na baraza zima kwamba hana la kusema.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Taja mambo matatu ya nyoka yaliyotumiwa na washairi waliotajwa hapa, na ueleze kila moja limekuwa mfano wa nini.
2. Kwa nini Gilgamesh hakumlaani nyoka?
3. Watu wa Troy walikosea wapi, katika kuona au katika kufasiri? Toa mfano wa kosa kama hilo katika maisha ya kijiji.
4. Kuvua gamba kwa nyoka wa Gilgamesh na kuvua gamba kwa nyoka wa Pyrrhus kwatofautianaje?
5. Tunga ubeti mmoja wa mizani 8 kwa 8 juu ya nyoka usiotumia neno adui wala neno sumu.